Sayansi Iguswe kwa Mikono: Rai Yetu kwa Wazazi na Wanafunzi

  

Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu tumeona ni vyema tulizungumze jambo ambalo wengi hawalitarajii katika kurasa hizi, nalo ni sayansi. Huenda baadhi yenu mkauliza: madrasa na sayansi, wapi na wapi? Tunaomba msome mpaka mwisho, kisha mhukumu wenyewe.

Mtoto wetu wa Ujiji asubuhi yuko shule, na baada ya Alasiri yuko madrasa. Shuleni amekariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Akiulizwa katika mtihani anajibu, anapata alama yake, na mambo yamekwisha. Lakini uso wa ziwa letu uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mahali palipoinuka hivyo maji huchemka mapema. Akitia kipimajoto katika sufuria ya mama yake hapa Ujiji ataona kiasi cha nyuzi 97. Ni watoto wangapi wamewahi kujaribu? Ameishi na jibu la kitabu maisha yake yote, na sufuria inachemka jikoni kwao kila siku.

Hapo ndipo penye tatizo. Sayansi kwa watoto wetu imekuwa maneno ya kukariri, wala hawajaijua kuwa ni kazi ya kuangalia, kupima na kuuliza. Mtoto akishindwa kukariri huambiwa hana akili ya sayansi, naye huamini. Kidato cha tatu kikifika anakimbia fizikia na kemia. Baadaye tunalalamika kwamba madaktari, wahandisi na wataalamu wa uvuvi wanaotoka katika nyumba zetu ni wachache.

DINI INATUFUNDISHA KUTAZAMA

Ndugu zetu, kutazama kwa makini hatukukupata kwa wageni. Katika Suratul Ghashiya (88:17-20) Allah (S.W) anawauliza watu kwa nini hawamtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Katika Suratul Maida (5:31) mwana wa Adam hakujua la kufanya na maiti ya ndugu yake mpaka alipomwona kunguru akifukua ardhi. Na katika Suratul Baqara (2:260) Nabii Ibrahim (A.S) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Imani alikuwa nayo tayari, bali alitaka moyo wake utulie. Allah hakumkemea. Alimpa kazi ya kufanya kwa mikono yake, akaambiwa achukue ndege wanne.

Tukumbuke pia siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W), na jua likapatwa siku hiyo hiyo. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Lau Mtume (S.A.W) angekuwa mtu wa kupenda sifa, angenyamaza tu. Lakini alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na wala havipatwi kwa kufa au kuzaliwa kwa mtu yeyote. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Ndani ya huzuni yake alikataa uzushi usimame, hata uzushi wa kumtukuza yeye. Mwenye kufuata nyayo zake ataogopaje kuchunguza?

Imam Ghazali (R.A) naye aliihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza. Mji usipokuwa na mtu hata mmoja wa kuisimamisha, wote wanapata dhambi. Basi tuuangalie mji wetu.

HISTORIA YA HAPA HAPA

Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji, kisha wakapanda kaskazini hadi Uvira. Kulikuwa na ubishi mkubwa: je, mto Rusizi unatoka katika Ziwa Tanganyika au unaingia? Jibu lake lilihusu chimbuko la Nile, jambo ambalo wasomi wa London walikuwa wakilitafuta. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani. Ubishi haukwisha, kwa sababu wasafiri wale hawakuufikia mto wenyewe. Ndipo mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana hapa Ujiji, walipopanda mtumbwi wakaenda kuangalia. Wakaukuta mto unaingia, kama wenyeji walivyosema.

Wanafunzi wetu, hapa kuna mafunzo mawili. Kwanza, wazee wetu walikuwa na elimu, kwani aliyeishi kando ya mto anaujua unakokwenda. Pili, ubishi wa miaka 13 ulimalizwa na safari ya mtumbwi. Aliyekwenda kuona ndiye aliyefunga mjadala.

Yuko pia Mama Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025. Alifika Gombe mwaka 1960 bila hata shahada ya chuo kikuu, akiwa na darubini, daftari na subira. Mwaka ule ule aliona sokwe akitumia kijiti kuvulia mchwa katika kichuguu, na wataalamu wa dunia wakalazimika kubadili waliyokuwa wakiyasema juu ya wanyama na zana. Kutoka Kigoma mjini kwenda Gombe ni safari ya boti. Mwaka 1991 alianzisha Roots & Shoots pamoja na wanafunzi 12 wa Dar es Salaam, ili vijana wajifunze kwa kutenda katika vijiji na mitaa yao. Mbegu ilianzia nchini kwetu, nayo imeenea duniani.

RAI YETU: SIKU YA KUANGALIA NA KUPIMA

Tunapendekeza kila madrasa ya Kigoma na Ujiji, kwa kushirikiana na shule za jirani, ifanye angalau mara moja kwa mwaka Siku ya Kuangalia na Kupima. Isiwe siku ya hotuba. Watoto wapite meza kwa meza, washike, wajaribu, wakosee na wajaribu tena, na wazazi wawe pamoja nao. Tunazo tayari siku za kukusanyika: Maulidi, khitma, na siku ya kuhitimu. Viti, turubai na sufuria za pilau tunazijua zinakopatikana. Haya ni baadhi ya mambo yanayoweza kufanyika bila gharama kubwa.

Kwanza, kibla kwa kivuli. Kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba. Hurudia tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Saa ya Makkah ni sawa na saa yetu, kwa hiyo hakuna hesabu ya kugeuza. Simamisha kijiti cha mita moja wima juu ya ardhi tambarare. Kivuli chake hapa kwetu kitakuwa zaidi kidogo ya nusu mita, na mstari wa kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina la kijiti unaelekea kibla. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba kibla cha Kigoma ni kaskazini, kikipinda kiasi cha nyuzi 20 kwenda mashariki.

Pili, saa ya jua. Kwa nini redio ya Dar es Salaam ikiadhini Magharibi katika Ramadhani sisi bado tunaliona jua juu ya ziwa? Kijiti kile kile kitajibu. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa kila dakika 4, na sisi tuko karibu nyuzi 10 magharibi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua linapinduka kwetu takriban dakika 38 baada ya kupinduka kwao. Hesabu hii inalinda funga ya mtu.

Tatu, chuma kinachoelea. Tupa msumari katika ndoo, utazama. Chukua kipande cha bati, ukikunje kama mtumbwi, kitaelea. Hapo waelezwe habari za meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma ni kile kile, lakini umbo linalosukuma maji mengi ndilo linaloibeba.

Nne, ziwa ndani ya chupa. Weka maji baridi katika chupa pana ya kioo, kisha mimina juu yake polepole maji ya moto yaliyotiwa rangi. Hayachanganyiki, ya moto yanakaa juu. Hivyo ndivyo ziwa letu lilivyo. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Chakula kinachootesha vijimea vya majini kimelala chini, na upepo wa kiangazi ndio unaosaidia kukipandisha. Tafiti zilizotolewa mwaka 2003 zilionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, na kwa hiyo kuchanganyika kumepungua. Vijimea vikipungua, dagaa hupungua, na migebuka inayokula dagaa hupungua pia.

Jambo hili linagusa sahani zetu. Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 uvuvi katika ziwa ulifungwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Kila nyumba ya mvuvi inajua miezi ile ilivyokuwa. Tunataka mtoto wa mvuvi aelewe sababu, aweze kuijadili, na kesho awe yeye anayekaa mezani wakati maamuzi kama hayo yanapofanywa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) ina kituo chake hapa Kigoma. Tuwaalike waje na vyombo vyao.

Tano, wavuvi wawe walimu. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali taa haziwakusanyi dagaa, kwa hiyo hukaa nchi kavu. Usiku huo ndio wa tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, ambazo michana yake ni sunna kufunga. Siku yetu ikipangwa karibu na tarehe hizo, mzee atakuwepo nyumbani, na atawafundisha watoto habari za mwezi na samaki kuliko kitabu chochote. Tarehe 29 watoto wapelekwe ufukweni kutafuta hilali. Allah ametujaalia upeo wa magharibi ulio wazi juu ya maji, na milima ya Kongo kwa mbali.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wapo watakaosema muda wa madrasa ni mchache, na mtoto bado hajahitimu juzuu yake. Ni kweli, na Qur'ani haitapunguziwa saa hata moja. Tunaomba siku moja kwa mwaka, tena ya mapumziko.

Wapo wanaohofu kwamba sayansi itamtoa mtoto katika imani. Sisi tunahofu kinyume chake. Mtoto aliyefundishwa kwamba dini ni ya msikitini na maumbile ni ya shule ndiye atakayebabaika akifika chuo kikuu. Ila tunatoa tahadhari moja: tusiilazimishe kila aya iwe somo la fizikia. Nadharia za wanadamu hubadilika, na maneno ya Allah hayasubiri maabara iyathibitishe. Tuwafundishe watoto kupima kwa uaminifu na kuandika walichokiona, hata kama si walichokitaka. Uaminifu huo peke yake ni ibada.

Wapo pia watakaowaacha mabinti nyumbani wakapike. Hapana. Meza zipangwe kwa stara, walimu wa kike wasimamie, na kila binti ashike kipimo kwa mkono wake. Ndiye atakayechemsha maji ya kunywa katika nyumba yake, na Mei 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga kando ya ziwa hili, tuliona thamani ya kuyajua maji.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzetu. Siku moja ikipita bila kufuatwa na kitu ni tamasha tu. Kila mtoto aondoke na daftari na kazi ya mwaka mzima. Mmoja aandike umbo la mwezi kila usiku. Mwingine asimamishe fito yenye alama za sentimita ufukweni na kusoma kimo cha maji kila Ijumaa. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipopanda, uvumi ulikuwa mwingi mitaani. Wenye vipimo vya miaka mingi walikuwa na la kusema, wengine tulibaki kubuni.

Tarehe 2 Agosti 2027, mwisho wa Safar 1449, jua litapatwa kabisa Makkah na Jeddah, inshaallah. Watoto wetu waijue siku hiyo mapema: wajue swala yake, wajue kwa nini kupatwa kwa jua huja mwisho wa mwezi mwandamo tu, na wajue kulitazama kwa kupitia tundu dogo la boksi bila kuumiza macho, kama Ibn al-Haytham alivyochunguza nuru miaka elfu iliyopita. Tukianza mwaka huu, siku hiyo itawakuta tayari.

Tunamwomba Allah (S.W) atuzidishie elimu yenye manufaa, na awajaalie watoto wetu macho yanayoona na nyoyo zinazozingatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.