Taa za Nyuma za Gari Linalovutwa

Chombo chochote kinachovutwa barabarani usiku, kiwe tela ya mkulima iliyojaa viazi vya Kinangop au gari bovu linalopelekwa kwa fundi, huzificha taa za nyuma za gari linalokivuta. Dereva ajaye nyuma hana onyo jingine ila taa zilizofungwa juu ya kile kinachovutwa. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde mbili tu kuiona tela, amekwisha kupita mita 44 kabla hajagusa breki. Haifai basi mwenye tela kuliahirisha jambo la taa hata baada ya mavuno.

Taa zinapokosa kuwaka vema, wenye magari wengi hukimbilia dukani kununua globu mpya, na wengine hung'oa nyaya zote. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa ubovu haumo katika globu. Umo katika njia ambayo umeme hurudia.

Umeme hutoka katika betri, ukapita katika swichi na waya, ukaiwasha globu, kisha sharti urudi katika betri. Ni kama mtu aendaye sokoni: akikosa njia ya kurudi, safari yake haikutimia. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita athi. Katika gari, athi ni bodi yenyewe ya chuma. Katika tela ni waya mmoja upitao katika plagi. Waya huo ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, nao hurudi kwa kupitia globu za jirani. Hapo ndipo huonekana vioja: dereva akikanyaga breki, taa nyingine huwaka kwa unyonge, akiwasha indiketa ya kushoto, na ya kulia nayo hupepesa. Taa moja ikifa peke yake, huenda ni globu. Lakini zote zikichanganyikiwa pamoja, itazamwe athi kwanza.

Wako watu ambao hawaufungi waya huo kabisa, wakitumaini kwamba chuma cha ndoano ya kuvutia kitaupitisha umeme. Chuma hicho kina grisi na kutu, na tena hurukaruka njiani. Taa zitawaka nyumbani, kisha zitazimika kwenye shimo la kwanza.

Kujaribu ni kazi rahisi. Utwaliwe waya mrefu, ncha moja ifungwe katika upande hasi wa betri ya gari linalovuta, taa ziwashwe, na ncha ya pili iguswe katika chuma kisafi cha fremu ya tela. Taa zikitengemaa, athi imekatika baina ya tela na gari. Zisipotengemaa, ncha hiyo iguswe katika chuma cha taa yenyewe. Ikiwaka sasa, kasoro i baina ya taa na fremu. Isipowaka bado, ndipo fyuzi, globu na nyaya nyingine zitazamwe.

Dawa yake ni kukwangua kutu na rangi kwa msasa hata chuma king'ae, kuikaza athi kwa bolti, na kupaka grisi juu yake ili maji yasiingie. Iliyo bora zaidi ni kuupeleka waya wa athi mzima kutoka plagi hadi kila taa. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu hazidumu: maji huingia, shaba ikawa kijani, na umeme ukazuiwa. Heri kuzilehemu kwa risasi na kuzifunika vizuri. Karibu na ndoano ziachwe na ulegevu wa kutosha gari linapokata kona, bali zisiburure chini.

Kwa plagi ya vijiti 7 ya magari ya volti 12, utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 1724 waeleza rangi hivi: mweupe ni athi, mwekundu ni breki, manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, mweusi ni taa ya nyuma ya kushoto, kahawia ni ya kulia, na buluu ni taa ya ukungu. Hata hivyo, si kila fundi aliyefuata rangi hizo, kwa hiyo kila waya ujaribiwe. Malori mengi makubwa hutumia volti 24. Tela yenye globu za volti 12 ikifungwa nyuma ya lori la namna hiyo, globu zitaungua.

Gari bovu linalovutwa lina shauri lake. Huko Marekani, wasafiri waendao kwa magari makubwa yaliyojengwa kama nyumba huvuta gari dogo nyuma. Mafundi wao, wakitaka kuzitumia taa za gari hilo dogo, hutia diodi katika nyaya. Diodi ni kama mlango ufungukao upande mmoja tu: umeme wa gari la mbele hufika katika taa, lakini hauwezi kurudi nyuma kuingia katika mitambo ya gari dogo na kuiharibu. Kwa safari moja ya kwenda kwa fundi hakuna haja ya kazi hiyo yote. Yatosha ubao wenye taa zake na waya wake, ufungwe imara nyuma ya gari bovu na kuunganishwa na plagi ya gari la mbele.

Kabla ya safari, mtu mmoja akae penye usukani na wa pili asimame nyuma. Zijaribiwe taa za usiku, kisha breki, kisha indiketa ya kila upande, halafu zote pamoja, maana athi mbovu hujifichua zaidi taa zote zinapowaka. Rifleta nyekundu nazo zifutwe vumbi, kwa kuwa hizo hazihitaji umeme. Kazi hii haichukui dakika tano, na anayelindwa nayo ni mwenye tela pamoja na yule ajaye nyuma yake.