Mafuta ya Damu Hayatoki Katika Kikaango Peke Yake

Mtu akiambiwa na daktari kwamba mafuta yamezidi katika damu yake, jambo la kwanza afanyalo ni kuyaondoa mafuta jikoni. Huacha maandazi na nyama ya kukaanga, lakini huendelea kunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari na kula sahani ya wali iliyojaa pomoni. Arudipo kupimwa, hushangaa kuona hali ni ile ile. Mtu huyu hakukosa nia, alikosa elimu.

Mafuta hayo huitwa trigliseridi, nayo ni akiba ya nguvu ya mwili. Sukari na wanga vikizidi mahitaji, ini huvigeuza kuwa trigliseridi na kuzipeleka katika damu. Pombe nayo huchochea kazi hiyo. Kwa hiyo soda, isiyo na hata tone la mafuta, yaweza kuongeza mafuta ya damu.

Kipimo kilicho chini ya miligramu 150 kwa desilita ya damu, kabla ya kula, huhesabiwa kuwa cha kawaida. Kikizidi 500, hatari ya kuvimba kongosho huongezeka, na ugonjwa huo waweza kuua. Aliyefika hapo hupunguza mafuta ya chakula pia, huacha pombe kabisa, na kwa kawaida hupewa dawa, kama vile fibrati. Wengine, hasa wenye kisukari, hupewa statini ili kuulinda moyo. Wapo pia waliorithi kasoro hii. Kuwaita walafi ni kuwadhulumu.

Kwa maoni yangu, kosa letu ni kuvitenganisha vidonge na chakula. Amezaye kidonge asubuhi na kunywa bia jioni hujenga mchana na kubomoa usiku. Naye aachaye dawa bila shauri la daktari, kwa kuwa kipimo kimeshuka, husahau kwamba huenda ni dawa hiyo iliyokishusha.

Walimu wa biolojia wanayo nafasi ya kusahihisha haya. Mara nyingi wanga, protini na mafuta hufundishwa kama vitu vitatu visivyojuana. Mwanafunzi na aulizwe pia jinsi kimoja kigeukavyo kuwa kingine mwilini. Akilielewa hilo, ataweza kumweleza mzazi wake kwa nini bakuli la sukari nalo lapasa kuondoka mezani.