Safu ya Mkoba: Barua za Kwenye Droo

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Lakini mshahara ukiisha kabla ya deni je? Wengi wetu chamani ndio wasomaji wa barua nyumbani: bahasha ikifika, mama anatukabidhi tutafsiri. Nyingine hufichwa kwenye droo, maana deni ni aibu. Leo tuzitaje njia zilizopo England na Wales. Scotland wana sheria zao.

Ya kwanza ni kupumua. Tangu Mei 2021 upo utaratibu uitwao Breathing Space, unaoombwa kupitia mshauri wa madeni. Kwa siku 60 wadai wengi hawaruhusiwi kukufuata, kuongeza riba wala kutuma madalali. Kodi ya nyumba na bili za kila mwezi unaendelea kulipa.

Ya pili ni kupanga malipo ya kidogo kidogo. StepChange, National Debtline na Citizens Advice hushauri bure. Mkataba wa IVA huchukua kama miaka 5 au 6, una ada, na ukishindwa njiani wadai wanaweza kurudi.

Ya tatu ni kufutiwa. DRO ni kwa mwenye madeni yasiyozidi pauni 50,000, asiye na nyumba yake, ambaye baada ya matumizi ya lazima habaki na zaidi ya pauni 75 kwa mwezi. Tangu Aprili 2024 haina ada, na kwa kawaida madeni yake hufutwa baada ya miezi 12. Kujitangaza mufilisi kunagharimu pauni 680, na nyumba inaweza kuuzwa. Zote mbili hubaki kwenye rekodi ya mikopo miaka 6, na mkopo wa masomo haufutwi.

Mshauri atataka kujua madeni yote, hata ya shangazi na ya upatu. Kumlipa shangazi kwanza kimyakimya kunaweza kukwamisha ombi.

Na hili tuliweke moyoni: kisheria, deni la mzazi halihamii kwa mtoto, isipokuwa mlisaini pamoja au ulimdhamini. Kwa hiyo tusikope kwa majina yetu ili kulizima. Tukae na mama, tufungue bahasha zote, tuandike jumla, kisha tupige simu pamoja. Kutafsiri tunajua.