Chupa Iliyosema Kweli



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia alinijia akiwa na chupa mkononi. Aliinunua sokoni kwa mtu mwenye kipaza sauti, ambaye hutangaza kwamba dawa yake yaponya kifafa, kisukari, utasa na maumivu ya mgongo. Mwana wa mama huyo ana kifafa. Masista wa dispensari walimpa vidonge vya kumeza kila siku, na sasa ni mwezi wa nne mtoto hajaanguka. Lakini muuzaji amemshauri mama avitupe, kwa sababu, asema yeye, vidonge vimetoka kiwandani, bali chupa yake imetoka katika mizizi aliyoiumba Mungu.

“Mwalimu,” akaniuliza, “wewe umezoea vitabu. Maneno ya karatasi hii ni ya kweli?”

Niliisoma karatasi. Ilitaja mizizi mitatu. Nikamjibu: “Yawezekana ni ya kweli kabisa, mama. Lakini hiyo haitoshi.” Aliniangalia kana kwamba nimemfanyia mzaha. Basi na nieleze hapa yale niliyoshindwa kumweleza pale mlangoni pa kanisa, watu wakitusukuma huku na huku.

Katika Marekani, tangu mwaka 1925, iliuzwa chupa ndogo ya maji, jina lake Radithor. Mwenye kuiuza, William Bailey, alijiita daktari, naye hakuwa daktari. Bei ya chupa moja ilikuwa dola moja, fedha nyingi kwa siku zile. Karatasi yake ilisema kwamba ndani ya maji mna radiumu. Je, hapo alidanganya? Hata kidogo. Radiumu ilikuwamo kweli, na huo ndio msiba wenyewe.

Radiumu ni kitu gani? Habari yake yatuhusu sisi Wakongo kuliko tunavyodhani. Marie Curie na mumewe Pierre waliivumbua mwaka 1898 huko Paris. Waganga wakaona kwamba miali yake huunguza uvimbe wa kansa, na wagonjwa kadhaa wakapata nafuu kweli kweli. Lakini ilikuwa adimu na ghali mno. Kisha, mwaka 1915, mawe yenye urani nyingi yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi katika Katanga. Tangu mwaka 1922 mawe hayo yalisafishwa huko Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka katika ardhi yetu. Babu zetu waliyachimba, wenye hisa wakatia faida mfukoni. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa tazameni jinsi watu walivyofikiri. Radiumu yaua kansa. Basi yatia mwili nguvu. Radiumu ni ghali. Basi ni njema. Radiumu yang'aa gizani. Basi ina uhai ndani yake. Mwanzo wa kila neno ni kweli, lakini hiyo “basi” inayofuata haikuthibitishwa na mtu yeyote. Kisu cha mganga hupasua jipu, mgonjwa akapona, wala sijamwona aliyemeza kisu ili apate nguvu.

Huko Pittsburgh alikuwako tajiri mmoja, Eben Byers, mchezaji mashuhuri wa gofu. Mwaka 1927 alianguka kutoka kitanda cha treni, mkono wake ukaumia, na mganga wake akamshauri anywe Radithor. Yapasa kujua kwamba Bailey alikuwa akiwapa waganga sehemu ya bei ya chupa walizoziagiza. Mganga anayelipwa na muuzaji, huyo tumwite mganga au dalali? Byers akanywa, akajisikia vizuri, akaendelea kunywa chupa kadhaa kila siku, hata akamaliza, kwa hesabu yake mwenyewe, kadiri ya chupa 1,400.

Hapo sharti tusimame kidogo. Alijisikia vizuri! Hakuna ushahidi tunaousadiki upesi kama ule wa mwili wetu wenyewe: nilikunywa, nikapata nafuu, basi ni dawa. Maumivu mengi hupungua yenyewe baada ya siku kadhaa, na kikombe tulichokunywa siku ile ndicho kinachopewa sifa. Tena radiumu ina desturi moja mbaya. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ile inayojenga mifupa, ukaipokea na kuihifadhi mifupani kama mgeni mwema. Inakaa humo na kuunguza polepole, mwaka kwa mwaka. Byers alipoanza kung'oka meno, ilikuwa imekwisha kuchelewa. Mifupa ya taya ikaoza, na fuvu likaanza kutoboka. Akafa tarehe 31 Machi 1932, akazikwa katika jeneza lililozungushiwa madini ya risasi ili miali isitoke.

Na serikali ilikuwa wapi? Sheria ya siku zile ilikuwa dhaifu mbele ya mtu ambaye alichoandika kimo kweli ndani ya chupa. Aliyeuza maji yasiyo na radiumu ndiye aliyeweza kuhesabiwa mwongo. Mwishoni mwa mwaka 1931 tu ndipo Bailey alipokatazwa kuyasifu maji yake kuwa dawa isiyo na madhara.

Chupa ile ilisema kweli, ikaua. Lakini liko na kopo lililosema uwongo, tena hapa kwetu Kongo.

Tangu Desemba 2014, huko Adi, upande wa Aru katika Ituri, watu walianza kufikishwa hospitalini shingo zimepinda, ndimi zimetoka nje, macho yamegeuka juu. Wengi walikuwa watoto. Kwanza ilidhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Nanyi mnajua wenyewe maneno yanayonong'onwa kijijini shingo ya mtoto ikigeuka hivyo. Hata Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamepita 1,000, na wengine walikufa. Mkojo wao ulipopimwa, na vidonge walivyomeza vilipochunguzwa, ukweli ukajulikana. Kopo liliandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa kali ya wagonjwa wa akili. Hata muuguzi mwaminifu angeweza kukitoa kidonge kile kwa mkono wake mwenyewe, naye hana habari.

Kwa hiyo sikuweza kumwambia mama yule kwamba vya kiwandani ni salama na vya mizizi ni sumu. Ningesema uwongo mara mbili. Kwinini, iliyowaponya wengi wetu malaria, ni ganda la mti, na mti huo hulimwa katika Kivu yetu. Muuzaji amelitaja jina la Mungu, naye hakukosea: Yoshua bin Sira afundisha, katika sura ya 38, kwamba Bwana ameumba dawa kutoka ardhini. Lakini sura hiyo hiyo yatuagiza kumheshimu mganga, na hilo muuzaji hakulitangaza katika kipaza sauti chake.

Basi tofauti iko wapi? Fikirini jinsi udanganyifu wa Adi ulivyofichuliwa. Kulikuwa na daftari. Mtu alihesabu wagonjwa, akawauliza wamekula nini na wamemeza nini, akayaandika. Vidonge vikapelekwa kwa wachunguzi wasiopata senti moja vikiuzwa au visipouzwa. Mwezi wa Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwa nchi zote. Dawa ya dispensari yaweza kuwa mbaya, lakini imeandikwa mahali, na aliyeitoa yupo kesho. Mtu wa kipaza sauti, mtoto akizidiwa Alhamisi, utampata katika soko gani? Mizizi yake ni nani aliyeichunguza, ila yeye anayekula kwa bei yake? Na wale anaosema wamepona, je, ametuhesabia pia wale waliokunywa wasipone?

Nilimweleza mama jambo moja pale pale, kwa kuwa halikuweza kungoja gazeti: vidonge vya kifafa visikatwe ghafula. Mwili uliovizoea, ukinyimwa kwa mara moja, waweza kushikwa na degedege zinazofuatana bila kukoma, na mtoto hufa kwa hizo. Nikamwomba apeleke vidonge na chupa, vyote pamoja, kwa Sista.

Alikwenda Jumatatu. Aliniambia kwamba Sista hakumkaripia. Alimwuliza tu kama mtoto amekosa dawa hata siku moja. Alikuwa amekosa mbili. Chupa ikawekwa kabatini, vidonge vikahesabiwa mezani, na siku zile mbili zikaandikwa daftarini.