Kabla ya Kupiga Windows Upya, Tuigeuze Kompyuta Tuitazame

Wakati wa likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu katika parokia moja wilayani Muleba. Kompyuta ya ofisi, ambayo karani huitumia kuchapa vyeti vya ubatizo na matangazo ya Dominika, ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, uliweza kumaliza Masifu yote kabla haijafunguka. Baba Paroko akatukabidhi, nasi tukapanda nayo gari hadi Bukoba mjini kwa fundi.

"Mafrateri, hii napiga Windows upya, elfu kumi na tano tu," alisema. Tulimwona akizima kinga ya virusi ili programu yake ya kughushi leseni ifanye kazi. Hatukuuliza kitu. Kinga ile haikuwashwa tena. Baada ya wiki mbili, flashi za wanakwaya na makatekista zilizochomekwa pale zilikuwa zinaonesha njia za mkato tupu badala ya mafaili, na karani akalazimika kuchapa upya orodha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza kutoka kwenye daftari.

Aliyetuokoa ni muumini mmoja anayefundisha kompyuta sekondari. Hakuja na ufunguo wowote. Aliuliza mashine ile ilitoka kiwandani na toleo gani la Windows 10, akaweka lile lile, yaani Home, akaiunganisha na intaneti. Leseni ikakubali yenyewe. Fundi alikuwa ameweka Pro kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kwenye flashi, na leseni ya Home haifungui Pro. Kwa maneno mengine, tulitoa fedha za parokia ili kuiba kitu ambacho parokia ilikuwa nacho kihalali.

Tunaandika haya kwa sababu tunaamini hatuko peke yetu. Kompyuta nyingi za parokia, shule na vigango vyetu ni za mtumba au zawadi. Wengi tunadhani kwamba kupiga Windows upya ni lazima kununua leseni mpya au kutumia ya wizi. Sivyo. Leseni iliyotoka kiwandani pamoja na kompyuta hufuatana na kompyuta hiyo. Kwa mashine za enzi za Windows 7, tazama stika iliyobandikwa chini au ubavuni: ina herufi na tarakimu 25. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi huuhifadhi ufunguo ndani ya bodi kuu ya kompyuta. Ukibadilisha diski au kuongeza memori, leseni inabaki. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, umevuka mpaka, maana ilitolewa kwa mashine ile moja. Na stika ya Windows 7 ni haki ya Windows 7. Haikupi Windows 11.

Je, kama leseni haipo kabisa? Hapa ndipo sisi wanafunzi wa falsafa tulipobishana bwenini hadi taa zikazimwa. Mmoja wetu alimleta Mtakatifu Thoma wa Akwino, anayefundisha kwamba mtu aliye katika shida kubwa na ya dhahiri akichukua cha mwingine ili aokoe uhai wake, huo si wizi. Microsoft ni tajiri, kigango ni maskini, basi kuna dhambi gani?

Hoja hii ina uzito, na hatutaki kuipuuza. Mali za dunia zimekusudiwa kwa ajili ya watu wote, na Katekisimu, namba 2408, inakubali hali hiyo ya shida ya dharura. Lakini inazungumzia chakula, malazi na mavazi, pale ambapo hakuna njia nyingine. Kwetu njia nyingine ipo. Linux, iliyoanza mwaka 1991, inatolewa kwa leseni inayoruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ilitoka mwaka 2004 ikiwa na jina la Kibantu linalotokana na shina lile lile la utu wetu na la omuntu wa Kihaya. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kuitafsiri kwa sababu leseni yenyewe iliwaruhusu. Palipo na mlango wazi, kuvunja dirisha hakuwezi kuitwa dharura.

Tena tujiulize: kwaya yetu ikirekodi nyimbo, kisha tukazikuta zinauzwa kwenye flashi stendi bila wao kupata hata shilingi, tunasemaje? Tunalalamika kwamba jasho lao limeibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayowalinda wanakwaya hao ndiyo hiyo hiyo inayolinda programu za kompyuta. Hatuwezi kuidai Jumapili na kuisahau Jumatatu.

Hatusemi kwamba Linux haina taabu. Kompyuta ya pili ya parokia ile, yenye stika ya Windows 7, tuliiwekea Linux Mint. Printa ilitusumbua siku nzima, na baadhi ya nyaraka za karani zilibadilika mpangilio. Lakini kurudisha Windows 7 ilhali Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020 kungekuwa hatari, na Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Swali hili litazigonga ofisi nyingi za Muleba na Bukoba, na ni afadhali lizikute na jibu.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya kumpa fundi kompyuta, tuigeuze tuitazame, tuandike toleo lake na namba za stika, na tumwambie fundi waziwazi: weka toleo hili hili, bila kughushi. Pili, maelezo hayo yaingie katika orodha ya mali za parokia, ile ambayo kanuni 1283 ya Sheria ya Kanisa inawataka wasimamizi waiandae kabla ya kuanza kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu ilikuwa imeanza kupotea, na sisi ndio tulioibeba hadi mjini.