Kompyuta ya gemu: Mwenye mtaji mdogo asinunue taa

WAFANYABIASHARA wadogo wa Mwanza hawajawahi kuchelewa kufuata fedha ilipo. Simu za mkononi zilipoenea walifungua vibanda vya vocha. Faida ya vocha ilipopungua walihamia kwenye miamala ya fedha. Leo, katika mitaa kama Igoma, Kirumba na Nyegezi, si ajabu kukuta chumba kimoja chenye runinga 3 au 4 ambamo vijana hulipia mpira wa kwenye skrini kwa mechi au kwa saa. Hatua inayofuata, ambayo baadhi ya wenye vyumba hivyo wanaifikiria, ni kuweka kompyuta za gemu zinazoundwa kwa kuchagua kifaa kimoja kimoja.

Wazo lenyewe si baya. Kinachotia wasiwasi ni jinsi mtaji unavyotumika. Mtu mwenye shilingi 1,500,000, alizozipata kwa mauzo ya dengu au kwa mgao wa kikoba, huingia dukani akavutiwa na kasha la kioo lenye feni zinazowaka rangi 7. Huambiwa ndani kuna Core i7, akalipa na kuondoka akiwa ameridhika. Baada ya wiki 2 hugundua kwamba mchezo unakwamakwama, wateja wananung'unika, na fundi anasema mashine inahitaji kifaa ambacho hakikununuliwa. Tajiri akikosea hivyo hununua nyingine. Mwenye mtaji mdogo hana mara ya pili.

Bei ya kweli ni ya saa

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kupima bei kwa risiti ya dukani. Kompyuta ya biashara ipimwe kwa saa itakazofanya kazi. Mfano mdogo unatosha. Kompyuta 1 ikichezwa saa 6 kwa siku kwa shilingi 1,000 kwa saa, huingiza shilingi 6,000. Ikiharibika na kukaa siku 10 ikisubiri kifaa kutoka Dar es Salaam, mwenye nayo amepoteza shilingi 60,000 kabla hajamlipa fundi wala nauli ya mzigo. Mara nyingi fedha hiyo inazidi tofauti ya bei kati ya pawa saplai ya ovyo na ile ya kuaminika. Aliyedhani ameokoa fedha dukani amezilipa chumbani kwake.

Kwa kipimo hicho, mpangilio wa matumizi unabadilika. Vitu vinavyoonekana, yaani kasha, taa na kibodi inayowaka, hurudi nyuma. Vitu visivyoonekana, yaani pawa saplai, kadi ya michoro na RAM, huja mbele.

Aanze na mchezo

Kabla ya kuuliza bei, mwekezaji awaulize wateja wake wanataka kucheza nini. Mchezo wa mpira wa EA Sports FC 24, uliotoka mwaka 2023, ulidai angalau prosesa ya daraja la Core i5-6600K, RAM ya GB 8, kadi ya michoro ya daraja la GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Hiyo ni kadi ya mwaka 2016, wala si mashine ya kutisha. Michezo kama eFootball na Valorant hutolewa bure na hudai nguvu ya wastani. Jambo la bure halipaswi kudharauliwa, kwa sababu mchezo wa kulipia ni gharama ya kila mashine, na ile ya mpira hutoka upya kila mwaka.

Swali la pili ni skrini. Skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Ile inayoitwa 4K ina zaidi ya milioni 8, yaani mara 4. Kadi inayoendesha mchezo vizuri kwenye skrini ya kwanza itahema kwenye ya pili. Kwa chumba cha kulipia kwa saa, skrini ya kawaida inatosha kabisa, na fedha iliyobaki iende ndani ya kasha.

Injini na mtumbwi

Wavuvi wa Mwaloni pale Kirumba wanaijua hesabu ya vifaa kulingana bila kufundishwa. Injini ya farasi 40 ikifungwa kwenye mtumbwi mdogo uliochakaa, fedha ya injini imepotea bure. Mtumbwi mkubwa wenye injini ya farasi 8 nao, ukijaa mzigo, hautafika Ukerewe kwa wakati. Katika kompyuta ya gemu, kadi ya michoro, ambayo mafundi huiita GPU, ndiyo injini. Prosesa ndiyo chombo kinachoibeba. Kimoja kikizidi sana, kingine humrudisha nyuma.

Wauzaji hupenda kutaja prosesa kwa sababu jina lake linajulikana. Lakini jina Core i7 peke yake halina maana mpaka mnunuzi aambiwe ni la kizazi gani. Core i7 ya kizazi cha 2, ya mwaka 2011, inaachwa mbali na Core i3-12100 ya mwaka 2022, ingawa tarakimu ya 3 ni ndogo kuliko ya 7. Kwa michezo mingi ya vijana, prosesa ya kawaida ya miaka ya karibuni yenye kadi nzuri hushinda prosesa kubwa iliyoachwa bila kadi.

Aidha, zipo njia za kupanda ngazi polepole. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ina uwezo wa michoro ndani yake, hivyo mwenye fedha kidogo anaweza kuanza nayo kwa michezo myepesi bila kadi, kisha akaongeza kadi biashara ikikua. Kinyume chake, prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama Core i3-12100F, haina uwezo huo. Bila kadi haitoi picha yoyote. Herufi 1 kwenye risiti inaweza kumlaza mtu gizani.

Mtumba una masharti yake

Kwa wengi wa ukanda wa Ziwa, njia ya kufikika ni kompyuta ya ofisi ya mtumba inayoongezewa kadi. Njia hii ina mantiki. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kwa kawaida prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi pamoja na kifaa cha ulinzi cha TPM 2.0. Ofisi za nje zina sababu ya kuziondoa mashine za zamani, na wanunuzi wa huku wana sababu ya kushawishika na bei yake.

Hata hivyo, mashine hizo zina mitego 3. Wa kwanza ni hiyo TPM: Valorant, kwa mfano, haifunguki kwenye Windows 11 bila TPM 2.0 kuwashwa. Wa pili ni kasha dogo, ambalo hupokea kadi fupi tu. Wa tatu, na mbaya kuliko yote, ni pawa saplai. Kompyuta nyingi za ofisi zimefungwa pawa saplai ndogo, na baadhi zina soketi za kiwanda chake pekee, ambazo haziingiliani na pawa saplai za kawaida za madukani.

Mnunuzi akumbuke namba 1: tundu la kadi kwenye ubao mkuu, yaani mazabodi, hutoa wati 75 tu. Kadi ya GTX 1650 ya mwaka 2019, katika matoleo yake mengi, huishi ndani ya wati hizo bila waya wa ziada, na ndiyo maana inafaa kwenye mashine ya ofisi. RX 580 ya mwaka 2017 ina nguvu zaidi, lakini inakula wati 185 na inadai waya wake. Isitoshe, kadi nyingi za aina hiyo zilifanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya mtandaoni ya Ethereum, mpaka uchimbaji huo wa kutumia kadi ulipokoma Septemba 2022. Kadi ya namna hiyo isinunuliwe kabla haijachezeshwa mchezo mzito kwa muda usiopungua nusu saa mbele ya mnunuzi.

Umeme ndio mkaguzi

Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, limeongeza umeme kwenye gridi ya Taifa tangu mtambo wake wa kwanza ulipowashwa mwaka 2024. Lakini umeme wa gridi ni jambo moja, na transfoma ya mtaa ni jambo jingine. Umeme unaopanda na kushuka humjaribu kila mwenye mashine, na kifaa cha kwanza kukutana nao ni pawa saplai. Ikiwa ya ovyo, haifi peke yake. Inaweza kuondoka na kadi na mazabodi. Stebilaiza au UPS kwa kila mashine ihesabiwe ndani ya mtaji tangu siku ya kwanza, isisubiri faida.

LUKU nayo ina hesabu yake. Kompyuta na skrini yake vikila wati 250 kwa saa 8, ni uniti 2 kwa siku. Vikila wati 400, ni uniti 3.2. Kwa mfano wa shilingi 357 kwa uniti, tofauti hiyo kwa siku 26 ni zaidi ya shilingi 11,000 kwa mashine. Kwa mashine 4 inazidi shilingi 44,000 kila mwezi. Kadi inayokula umeme mdogo, hata ikiwa ghali kidogo, inaweza kurudisha tofauti yake.

RAM haisubiri

Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda duniani kote, baada ya viwanda vikubwa kuelekeza uzalishaji wake kwenye mitambo ya akili bandia. Soko hilo linashikwa na makampuni 3, yaani Samsung, SK Hynix na Micron, na yakigeuka, duka la Mwanza linahisi. Kwa hiyo RAM isichukuliwe kama nyongeza ya baadaye. GB 16, kwa vipande 2 vya GB 8, ni kiasi cha busara. Vipande 2 hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja, hasa kwa prosesa inayotoa michoro yenyewe. Diski iwe SSD, kwani mteja anayelipia saa hapendi dakika zake ziishie kwenye kusubiri mchezo ufunguke.

Kwa kila shilingi 100 za mashine yenyewe, bila skrini na UPS, mgao unaofaa ni huu: shilingi 35 hadi 40 kwa kadi, 25 kwa prosesa na mazabodi, 20 hadi 25 kwa RAM na SSD, 10 kwa pawa saplai, na 5 kwa kasha. Taa hazimo kwenye orodha.

Kwa nini isiwe runinga na konso?

Wapo wanaosema, na wana haki, kwamba kwa mpira wa watu 2 konso ya mtumba na runinga ni rahisi na haina usumbufu. Anayetaka mpira tu abaki huko. Faida ya kompyuta huja pale mashine inapofanya kazi 2. Asubuhi inachapa barua, inajaza maombi ya ajira na ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB. Jioni inachezewa gemu. Asiye na mpango wa asubuhi afikiri upya kabla ya kuuza kiwanja.

Soko nalo limepanuka. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi na lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mtu wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko. Anayejifunza kuunda mashine iliyolingana hapa Mwanza anaweza kuwaundia na wa ng'ambo. Lakini atumie vifaa vya vipimo vya kawaida, vinavyopatikana kwa mafundi wengi, maana Kariakoo iko zaidi ya kilomita 1,000.

Mwalimu Nyerere aliliachia Taifa usemi kwamba kupanga ni kuchagua. Mwenye shilingi chache aandike kwanza mchezo, kisha skrini, kisha kadi, kisha wati zake, na ndipo aingie dukani. Karatasi hiyo ni ya bure, na hakuna kifaa katika kasha zima kitakachomwokolea fedha zaidi.