Matsangoni: tuta la usiku halitatulinda



Unajua yanavyokwenda. Gari linagonga mtu senta, watu wanamiminika barabarani, tairi zinawashwa, magogo yanaburutwa hadi katikati ya lami. Polisi wanakuja, vitoa machozi vinarushwa, vijana wawili watatu wanashikwa. Usiku huohuo wengine wanatoka na karai na sururu. Kifusi, mawe, saruji kidogo kama ipo. Asubuhi pana tuta. Halina rangi wala alama, na kimo chake kimekisiwa kwa macho.

Hatukuja hapa kuwasuta waliolijenga. Mtu aliyetoka kuzika mtoto hana moyo wa kungojea tenda. Lakini hebu tulitazame hilo tuta lenyewe.

Wa kwanza kulipanda gizani si yule dereva wa lori tunayemkasirikia. Ni kijana wetu wa bodaboda, taa yake hafifu, amempakia mama mja mzito anakimbizwa hospitali Kilifi. Wa pili ni matatu inayoliona ikiwa imeshachelewa, ikakwepa upande, na upande ndiko waliko watu wanaotembea kwa miguu. Tangu chuoni tumefunzwa kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Sasa tuta lisiloonekana usiku ni nini, kama si chenye kudhuru njiani? Nia njema hailifanyi liwake taa. Halafu wenye barabara wanakuja na mashine, wanalichota, na nyinyi mmerudi pale pale.

Tuta ni kipimo, jamani. Tuta la mviringo lililozoeleka na mainjinia lina kimo cha sentimita 10 na upana wa mita 3.7 kufuata mwendo wa gari, na humlazimisha dereva apite kwa takriban kilomita 30 kwa saa bila kuvunja gari lake. Letu la kifusi ni fupi na kali: gari dogo linasugua tumbo, lori kubwa halijali. Na si kila mahali panataka tuta. Huko Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, palikuwa na njia panda ya Suhum iliyomaliza watu. Waliweka vijituta vyembamba vya mfululizo, vile vinavyotetemesha gari na kumzindua dereva kabla hajafika kwa watu. Ajali zikapungua kwa karibu asilimia 35, vifo kwa asilimia 55. Kitu kidogo hivyo, lakini kimewekwa mahali pake.

Kwa nini mwendo? Kwa sababu mwili wa binadamu una mpaka wake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akigongwa na gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, hatari ya kufa iko chini ya asilimia 20. Kwa kilomita 80 inakaribia asilimia 60. Gari ni lilelile, na mtu ni yuleyule. Kenya hii inazika zaidi ya watu 4,000 wa ajali za barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Yaani si wenye magari. Ni sisi.

Na sheria, ndugu yangu, tayari iko upande wako. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho ndani ya senta, mji au manispaa. Anayetoka Malindi akaipita Matsangoni kwa 80 kwa sababu eti hii ni barabara kuu, anavunja sheria leo, kabla hata ya tuta kujengwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika mahali popote kwamba anavunja.

Basi andikeni nyinyi. Haihitaji kamera ya polisi. Pima mita 100 kando ya barabara, ukiwa mbali na lami, weka alama mwanzo na mwisho, shika simu yenye saa ya kuhesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa hulimaliza hilo eneo kwa sekunde 7.2. La kilomita 80 hulimaliza kwa 4.5. Kaeni wanne, saa moja asubuhi watoto wanapokwenda shule na saa moja jioni, siku tatu. Andikeni kila gari na sekunde zake, bila kuongeza chumvi. Daftari hilo lina nguvu kuliko tairi kumi zilizowashwa, kwa sababu afisa hawezi kuliitia polisi.

Kisha barua. Barabara ya Mombasa kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, kwa hivyo msiende kumgombeza MCA kwa kitu ambacho si chake. Ombeni kivuko cha miguu, vijituta vya tahadhari pande zote mbili za senta, alama za 50, na taa. Barabara za ndani ni habari nyingine: nyingi ziko kwa kaunti, nyingine kwa KeRRA. Ulizeni kwanza, maana ofisi ya Kenya ina raha sana kukwambia umekosea mlango.

Kuna watakaosema: mbona Waholanzi walichimba barabara wenyewe? Kweli. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi wa Delft walitoka usiku wakang'oa mawe ya mtaa wao ili magari yapite kwa kujipinda, polepole. Mwaka 1976 sheria ya nchi yao ikaitambua mitaa ya namna hiyo. Lakini ule ulikuwa mtaa wa nyumba, si barabara ya malori na mabasi ya usiku. Somo lao linafaa zaidi huku ndani, kwenye njia za kwenda Uyombo na vijijini: pale wazee, steji za bodaboda na wenye maduka wanaweza kukaa barazani wakakubaliana mwendo, wakaomba kaunti idhini ya tuta lililopimwa, wakalipaka rangi. Na dereva anayewakimbiza watoto wetu huko ndani, tusijidanganye, mara nyingi ni kijana wa nyumbani anayejulikana kwa jina la mamake.

Dar es Salaam wamelifanya hili kwenye shule, wakiongozwa na shirika la Amend: njia za miguu, matuta, alama, na mafunzo kwa watoto. Majeruhi wakapungua kwa asilimia 26 hivi. Si mabilioni yaliyofanya kazi pale.

Rudi kwenye barua. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, na pia ya kupeleka malalamishi kwa mamlaka ya umma. Watu huikumbuka nusu ya kwanza tu. Jirani zenu wa Uyombo, walipokikataa kinu cha nyuklia, waliandamana, wakapigwa, lakini malalamishi ya kupinga kinu yalikuwa yameshafika Bungeni tangu 2023.

Ambatanisheni ombi la habari: je, barabara hii imefanyiwa uchunguzi wa usalama hapa Matsangoni, na mpango ni upi? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Andikeni wazi kwamba inahusu uhai. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi nyumbani. Wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo, na kitu cha kwanza watakachoomba kuona ni huo muhuri.